Mfuate Mpiga Dramu: Njia ya Kuijua Jazi ya Kijapani

Mabibi na mabwana, wapenzi wa muziki, hamjambo?

Tuanze na neno lenyewe, maana kwetu lina ukoo wake. Mtajie mtu mzima wa Dar es Salaam au Morogoro neno jazi, na kitakachomjia kwanza ni Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Nuta Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, na kule Kinshasa OK Jazz ya Franco. Bendi za dansi hizo: magitaa, tumba, tarumbeta na mdomo wa bata, watu wakisakata rumba hadi majogoo. Jazi ya Wamarekani kina Charlie Parker na Art Blakey ni muziki mwingine. Huko Japani nako neno hilo lilitanuka vilevile. Baada ya vita kumalizika mwaka 1945, Wajapani waliita jazu karibu kila muziki uliotoka Magharibi, zikiwemo nyimbo za Hawaii, za wachunga ng'ombe wa Marekani na za Kifaransa. Kwa hiyo ukikuta santuri ya Kijapani ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 imeandikwa jazu, usishangae ikitoa gitaa la Hawaii.

Leo tunazungumzia jazi ile ya pili, ya kubuni papo kwa papo, namna bendi za Japani zilivyoishika kwa miaka zaidi ya tisini, na namna msikilizaji anavyoweza kuzifikia bila kupotea. Wengi siku hizi huingia kwa mlango mmoja: santuri ya mpiga piano Ryo Fukui iitwayo Scenery, ya mwaka 1976, ambayo YouTube huwaletea hata wasioitafuta. Mlango huo ni mzuri. Shida ni kwamba mtu akishaingia, mtandao humrudishia vitu vya aina ileile, piano tulivu ya mkahawani, na mwaka mzima unapita akidhani jazi ya Kijapani ni hiyo tu.

Ushauri wetu ni mmoja: mfuateni mpiga dramu. Santuri iliyokupendeza, soma nyuma ya jalada, tafuta jina la aliyezikung'uta dramu, kisha tafuta santuri nyingine tatu alizopiga yeye na watu wengine. Mpuliza tarumbeta au mpiga piano mara nyingi ndiye mwenye bendi, naye hukaa na mtindo wake. Mpiga dramu huitwa na huyu leo na yule kesho. Ukimfuata yeye utavuka kutoka mtindo hadi mtindo na kutoka rika hadi rika, na sikio lako litakuwa na mwenyeji kila linapoingia nyumba mpya. Japani njia hii inafaa kuliko kwingi, maana bendi nyingi kubwa za kule ziliongozwa na wapiga dramu wenyewe.

Majalada ya Kijapani hurahisisha kazi hii. Kando ya kila jina huwekwa kifupi cha ala: p ni piano, b ni besi, tp ni tarumbeta, as na ts ni saksofoni za alto na tena. Mnachokitafuta ni herufi mbili, ds. Hizo ndizo dramu.

Kabla ya majina, vifaa, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokwama na kusema jazi haina ladha. Spika ya simu haitoi besi. Uzi mnene wa besi kubwa ya kusimama, ule wa chini kabisa, hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haiwezi kusukuma hewa kwa mwendo huo. Unachosikia ni mwangwi wa juu wa noti, na ubongo unajaza pengo. Chukua Blow Up ya Isao Suzuki, ya mwaka 1973: kiongozi wa bendi anapiga besi na selo. Ukiisikiliza kwa spika ya simu, nusu ya kazi yake haipo, na dramu za George Otsuka zinabaki zikielea bila sakafu. Hedifoni za waya za bei ya kawaida zinatosha, mradi zikae vizuri masikioni. Mwanya mdogo tu kati ya sikio na hedifoni huimwaga besi yote.

Jambo la pili ni bando. Wengi hupunguza ubora wa sauti ili kubana matumizi. Ukisikiliza kwa kilobiti 96 kwa sekunde, santuri ya dakika 45 itakula megabaiti 32 hivi. Kwa kilobiti 320, itakula kama 108. Tofauti hiyo inaonekana kubwa mfukoni, lakini angalieni kinachopotea: vitu vya kwanza kuharibika katika sauti iliyobanwa ni matoazi. Badala ya mlio wa shaba unaofifia taratibu, unasikia kitu kama mafuta ya chapati yanavyochachatika kwenye kikaango. Na tumesema tunamfuata mpiga dramu, ambaye kazi yake kubwa katika jazi iko kwenye matoazi. Pakueni mara moja kwa ubora wa juu mkiwa mahali penye intaneti ya bure, kisha msikilize mara kumi.

Zoezi la sikio ni hili. Mpiga dramu wa jazi huwa na toazi kubwa upande wake wa kulia, linalotembeza mwendo: ting, ting-ti-ting, ting-ti-ting. Mguu wa kushoto hufunga matoazi pacha kwenye pigo la pili na la nne. Sikiliza kibao kizima ukihesabu mapigo hayo mawili tu, la pili na la nne, na uwaache wengine wapite. Mara ya pili, sikiliza besi peke yake. Mara ya tatu ndipo umsikilize mpuliza saksofoni, na utashangaa ni mara ngapi anachokisema ni jibu la kilichopigwa chini yake. Mtu aliyezoea dansi hukosea sehemu moja: anasubiri kiitikio kirudi. Hapa wimbo wenyewe hupigwa mwanzoni na mwishoni, na katikati wapigaji wanazungukia ngazi zilezile za sauti huku kila mmoja akibuni lake. Ukipotea, sikiliza besi. Ndiyo inayoshika ramani.

Wajapani wenyewe walijifunzia hivyo, kwa masikio. Mwaka 1933 katika mtaa wa Noge mjini Yokohama ulifunguliwa mkahawa uitwao Chigusa, mmoja wa ile iliyokuja kuitwa jazu kissa. Santuri kutoka Marekani zilikuwa ghali mno kwa mtu wa kawaida, basi mwenye mkahawa alinunua, nawe ulinunua kikombe kimoja cha kahawa na kukaa kuzisikiliza. Katika mikahawa hiyo hupigwa upande mmoja wa santuri, dakika kama ishirini, na jalada lake husimamishwa mahali ambapo wateja wote wanaliona. Mingine ilipiga marufuku mazungumzo kabisa. Wanamuziki walikuja na karatasi, wakanakili noti wakiwa wameinamia meza. Igeni desturi hiyo ya upande mmoja. Dakika ishirini bila simu mkononi zinafundisha kuliko saa tatu za muziki unaolia jikoni huku ukiosha vyombo.

Wakati wa vita jazi ilipigwa marufuku kama muziki wa adui. Baada ya vita ikarudi kwa mlango wa kambi za Wamarekani, ambako askari walitaka muziki na bendi za Kijapani zililipwa kuupiga. Huko ndiko kizazi cha kwanza cha kisasa kilikopikwa. Kuna ushahidi wa sauti: vikao vya usiku vilivyorekodiwa mwaka 1954 katika klabu ya Mocambo, Yokohama. Yumo Shotaro Moriyasu, mpiga piano aliyefariki mwaka uliofuata na ambaye alituachia sauti chache mno. Wamo pia vijana wawili watakaorudi tena katika hotuba hii, Toshiko Akiyoshi na Sadao Watanabe. Sauti yenyewe ni hafifu, ina vumbi, na hilo lisiwakatishe tamaa. Msianzie hapo tu. Ifikieni baada ya miezi michache, sikio likishajua la kutafuta.

Enzi hizohizo kulikuwa na Big Four ya mpiga dramu George Kawaguchi, iliyojaza kumbi mwaka 1953 na 1954. Piano yake ilishikwa na Hachidai Nakamura, ambaye baadaye alitunga wimbo ambao Wamarekani waliuita Sukiyaki na kuupandisha hadi namba moja mwaka 1963. Mnaujua, una mluzi ndani yake. Mtunzi wake alitokea kwenye jazi.

Januari 1961 Art Blakey, mpiga dramu, aliipeleka bendi yake ya Jazz Messengers Japani, na nchi ikawaka. Mmoja wa waliokuwa tayari kuushika moto huo ni mpiga dramu Hideo Shiraki. Mwaka 1965 aliipeleka bendi yake Berlin akiongeza wapigaji watatu wa koto, ile ala ndefu ya nyuzi 13 inayolazwa sakafuni. Santuri iliyotokana na safari hiyo ni Sakura Sakura. Isikilizeni kwa makini mahali koto zinapoingia: zina ngazi yao ya sauti tano, tarumbeta ina ngazi zake za bluzi, na Shiraki haziunganishi kwa nguvu. Anaacha nafasi, anapiga kidogo, kila upande unasikika.

Tukiwa kwenye koto, mtu wa Mombasa ana haki ya kujua jambo moja. Mwaka 1912 huko Nagoya ilibuniwa ala ndogo yenye vitufe kama vya taipureta, ikaitwa taishogoto kwa jina la enzi ya Taisho. Ala hiyo ilivuka bahari hadi pwani yetu, na ndiyo tashkota mnayoisikia katika taarabu ya Mombasa. Haikuingia kwenye jazi, lakini undugu upo.

Aliyepuliza tarumbeta katika bendi ya Shiraki alikuwa Terumasa Hino, aliyezaliwa mwaka 1942. Miaka minne baada ya safari ya Berlin alitoa Hi-Nology, yenye piano ya umeme na dramu za mdogo wake Motohiko Hino. Zipigeni santuri hizo mbili siku moja. Mpuliza tarumbeta ni mmoja, ila mwendo wa chini umebadilika kabisa: Shiraki bado anatembeza toazi la kulia, huku Motohiko anavunjavunja mapigo kama mtu anayejibu midundo miwili kwa mpigo. Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini tunasema mtindo wa bendi hukaa mikononi mwa mpiga dramu.

Sasa tufike kwa mtu ambaye tungependa mkae naye muda mrefu, Takeo Moriyama. Mwaka 1969 mpiga piano Yosuke Yamashita aliunda bendi ya watu watatu: piano, saksofoni ya Seiichi Nakamura, na dramu za Moriyama. Besi hakuna. Hilo ni jambo zito, kwa sababu tumetoka kusema besi ndiyo inayoshika ramani. Bendi hii iliichana ramani. Mwaka huohuo walipiga ndani ya Chuo Kikuu cha Waseda, Tokyo, wanafunzi wakiwa wamekizingira kwa vizuizi. Mwaka 1974, Akira Sakata akiwa ameshika nafasi ya saksofoni, walikwenda tamasha la Moers, Ujerumani, na kurekodi Clay.

Mtu anayeisikia Clay mara ya kwanza hudhani ni fujo. Kosa lake ni kuisikiliza piano kwanza. Msikilizeni Moriyama. Hashiki mwendo wa kuhesabika, ila nguvu yake hupanda na kushuka kwa mawimbi, na kila wimbi lina mwanzo, kilele na mahali linapovunjika. Ukishayasikia mawimbi, utasikia kwamba Yamashita na Sakata wanayapanda pamoja naye na kuteremka pamoja naye, na kwamba wimbo wa mwanzo hurudi barabara mwishoni, wote watatu wakiangukia noti ileile kwa wakati mmoja. Watu wa fujo hawawezi kufanya hivyo. Ikiwa sauti inakuchosha, punguza nusu na uisikilize dakika tano tano.

Moriyama akatoka, akaunda bendi zake mwenyewe, na mwaka 1983 akatoa East Plants, santuri yenye nyimbo unazoweza kuziimba kwa mdomo, nguvu ileile ikiwa imefungwa ndani ya mwendo ulio wazi. Kisha ruka hadi 2022. Shuya Okino, DJ wa kundi la Kyoto Jazz Massive, ambaye muziki wake umekulia kwenye kumbi za disko, aliiongoza Kyoto Jazz Sextet katika santuri iitwayo Succession, na aliyemweka kwenye dramu ni Moriyama, mtu aliyezaliwa mwaka 1945, akipiga na wanamuziki walio rika la wanawe. Santuri tatu, jina moja kando ya ds, karibu miaka hamsini. Kwa hesabu yetu hakuna somo fupi la historia ya jazi ya Kijapani linaloishinda njia hiyo.

Waliotaka kwenda mbali zaidi kwenye jazi huria, isiyofungwa na mwendo wala wimbo, ni mpiga gitaa Masayuki Takayanagi na mpuliza saksofoni Kaoru Abe. Huko waingie waliokwisha kuizoea Clay. Mtu wa siku ya kwanza atakimbia asirudi.

Jina jingine la kufuata lina Afrika Mashariki ndani yake. Akira Ishikawa, mpiga dramu, aliongoza bendi iitwayo Count Buffaloes, na mwaka 1972 wakatoa santuri yenye jina Uganda. Ni muziki mzito wa magitaa ya umeme na ngoma nyingi, karibu zaidi na roki kuliko jazi ya mkahawani. Msitafute humo mdundo halisi wa Waganda. Ni Uganda kama ilivyosikika kichwani mwa Wajapani waliovutiwa na ngoma za Afrika. Miaka mitatu baadaye Ishikawa huyohuyo yumo kwenye Cat ya mpuliza tromboni Hiroshi Suzuki, muziki laini kama mafuta ya nazi, piano ya umeme ikimeremeta, dramu zikiwa zimetulia kabisa. Mtu asiyesoma jalada hawezi kudhani ni mikono ileile.

Na Sadao Watanabe, yule kijana wa Mocambo. Alizaliwa mwaka 1933 mjini Utsunomiya, akasoma chuo cha Berklee huko Boston mwanzoni mwa miaka ya 1960, akarudi na kuwafundisha wenzake alichojifunza, akiwa pia ameleta bosa nova, muziki wa Brazili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alisafiri Afrika Mashariki, na safari hiyo ikabaki kwenye majina ya nyimbo zake. Santuri yake ya mwaka 1972 ina kibao kiitwacho Sasa na kingine kiitwacho Mtelemko Ufukoni, jina ambalo mtu wa Lamu au Kilwa angeweza kuliandika mwenyewe. Mwaka 1974 ikaja Mbali Africa, 1975 ikaja Pamoja, na mwaka huohuo, kwenye Swiss Air iliyorekodiwa tamashani Montreux, Uswisi, kimo kibao Tanzania E pamoja na Pagamoyo. Andikeni hivyohivyo kwa P mnapotafuta, maana mkiandika Bagamoyo hamtaipata. Kinachopendeza katika santuri hizi ni mapigo ya sita yaliyolala chini ya mapigo ya nne, kitu ambacho sikio la mtu wa pwani hukitambua papo hapo. Hiki ndicho kipindi chake tunachokipenda kuliko cha California Shower ya 1978, ingawa ile ndiyo iliyouza zaidi na ndiyo itakayotangulia kuletwa na programu yako ya muziki.

Toshiko Akiyoshi alikwenda Berklee mapema zaidi, mwaka 1956. Mwaka 1973 huko Los Angeles, pamoja na mumewe Lew Tabackin, mpuliza saksofoni na filimbi, aliunda bendi kubwa. Santuri ya kwanza, Kogun ya 1974, ilitokana na habari za Hiroo Onoda, askari wa Kijapani aliyetoka msituni Ufilipino mwaka huo, karibu miaka thelathini baada ya vita kwisha. Ndani ya kibao chenye jina hilo mtasikia tsuzumi, ngoma ndogo ya begani inayobinywa kamba zake ili sauti ipande, pamoja na sauti za waigizaji wa noh, tamthilia ya kale ya Kijapani, na juu yake bendi nzima ya shaba. Akiyoshi aliwataka wapuliza saksofoni wake washike pia filimbi na klarineti, ndiyo maana bendi yake ilikuwa na rangi nyingi kuliko bendi kubwa za kawaida. Spika mbovu huzipaka rangi hizo zote matope, basi santuri hii isubiri hedifoni nzuri.

Turudi kwa wale wa mlango wa Scenery. Ryo Fukui, mtu wa Hokkaido, alianza kujifunza piano akiwa na miaka 22 bila mwalimu, na miaka sita baadaye akarekodi santuri hiyo akiwa na Satoshi Denpo kwenye besi na Yoshinori Fukui kwenye dramu. Baadaye aliendesha klabu yake Sapporo, Slowboat, akapiga humo karibu hadi alipofariki mwaka 2016. Kibao chake Early Summer kilitungwa na Hideo Ichikawa. Likamateni jina hilo, kisha nendeni Poo-Sun ya Masabumi Kikuchi ya mwaka 1970, ambako Ichikawa yumo kwenye piano ya umeme na wapiga dramu wawili, Motohiko Hino na Hiroshi Murakami, wanapiga kwa pamoja. Kutoka kwa Murakami mnafika Ginkai iliyorekodiwa mwaka huohuo, ambako Hozan Yamamoto anapuliza shakuhachi, filimbi ya mwanzi yenye matundu matano, na kila pumzi yake inasikika kabla ya noti. Hatua tatu tu kutoka mkahawani, na mmefika mahali ambapo programu isingewafikisha.

Mkipenda sauti iliyorekodiwa kwa karibu, tafuteni santuri za Three Blind Mice, kampuni iliyoanzishwa na Takeshi Fujii mwaka 1970, ambayo namba zake huanza na TBM. Fundi wake Yoshihiko Kannari aliweka vipaza sauti karibu sana na ala. Midnight Sugar ya Tsuyoshi Yamamoto, ya 1974, ina piano inayogonga ghafla kwa nguvu baada ya ukimya. Msiongeze sauti mwanzoni ili kuusikia ukimya ule, hedifoni dhaifu zitakoroma.

Kuhusu jazi ya umeme tutapita haraka, maana inajieleza. Casiopea, iliyotoa santuri ya kwanza mwaka 1979, ianzeni kwa Mint Jams ya 1982, Akira Jimbo akiwa kwenye dramu na kila pigo likiwa safi kama limepigwa rula. T-Square walitunga Truth, ya 1987, iliyokuwa muziki wa matangazo ya mbio za magari za F1 kwenye televisheni ya Japani. Waliokuja baadaye: Soil & "Pimp" Sessions wa Tokyo, bendi ya jukwaani ya kurukaruka iliyoanza mwaka 2001; Shibusashirazu Orchestra, kundi kubwa la tangu 1989 lenye wachezaji wa buto, dansi ya Kijapani, mbele ya wapuliza shaba; Hiromi, mpiga piano wa Hamamatsu aliyeanza na Another Mind mwaka 2003; na Miho Hazama, mtunzi wa bendi kubwa, ambaye mwaka 2019 alishika uongozi wa bendi kubwa ya redio ya taifa ya Denmark. Satoko Fujii alipotimiza miaka 60 mwaka 2018 alitoa santuri moja kila mwezi, mwaka mzima. Kwa kila mmoja wao, tafuteni ds.

Sasa makosa ya kutafuta. La kwanza ni majina. Wajapani huanza na jina la ukoo, kwa hiyo Sadao Watanabe na Watanabe Sadao ni mtu mmoja, na programu nyingine huwaweka kama wawili. Tafuteni kwa mpangilio wote. Koo zenyewe zinafanana: Isao Suzuki ni wa besi, Hiroshi Suzuki wa tromboni, Hiromasa Suzuki wa piano. Takeru Muraoka anapuliza saksofoni, Minoru Muraoka shakuhachi. Isoo Fukui, mpiga besi kwenye Midnight Sugar, si Ryo Fukui. Dawa yake ni kunakili jina kwa maandishi ya Kijapani na kulibandika kwenye kisanduku cha kutafutia: 森山威男 kwa Moriyama, 日野皓正 kwa Terumasa Hino, 渡辺貞夫 kwa Watanabe, 福居良 kwa Ryo Fukui. Mkitaka uwanja mzima, bandikeni 和ジャズ, yaani jazi ya Kijapani.

La pili ni orodha ndefu zenye picha ya mvua dirishani na kichwa kinachotaja jazi ya Kijapani. Nyingi hazina jina la mpigaji hata mmoja. Muziki usio na majina hauwezi kufuatwa, acheni.

La tatu linawahusu wanunuzi wa santuri. Ukanda wa karatasi uliozungushwa upande wa kushoto wa jalada huitwa obi, na ukiwepo bei hupanda sana. Muziki haubadiliki. Ukinunua ili usikilize, chukua isiyo na obi, na pesa iliyobaki inunulie sindano mpya, maana sindano iliyochakaa huanza kula matoazi kabla ya kitu kingine chochote. Chapa mpya za miaka ya karibuni, kama zile za We Release Jazz kwa Scenery au mfululizo wa J Jazz wa BBE, zinatosha kabisa.

Na atakayebahatika kufika Tokyo aende Pit Inn, mtaa wa Shinjuku, klabu iliyofunguliwa mwaka 1965, ambako bendi za vijana hupiga mchana na wakongwe usiku. Akae mahali anapomwona mpiga dramu, aangalie mguu wa kushoto.